Ndege wa Katikati ya Chaji Mbili

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika tangu juzi na jua la leo limegeuza tope la Kibaoni kuwa vumbi. Umeme nao umekatika, feni imesimama, nami nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma naandika kwa simu. Nina hasira. Nalisema mwanzo kabisa ili asiyetaka kusoma hasira za mtu aishie hapa.

Nina hasira na wanafunzi wangu wa kidato cha tano. Nina hasira na mkuu wangu wa shule. Nina hasira na ndege wote wanaokula mpunga katika bonde hili. Na tangu asubuhi nina hasira zaidi na mtu mwingine, ambaye nitamfikia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia kwenye shule moja ya binafsi hapa mjini Ifakara. Wiki iliyopita vijana wangu walifanya mtihani wa kumaliza kidato cha tano. Swali la sita nililitunga mwenyewe na nililipenda kupita kiasi. Chaji mbili zimekaa kwenye mstari mmoja, zimeachana sentimita thelathini. Ya kushoto ni chanya, ukubwa wake nne. Ya kulia ni hasi, ukubwa wake moja. Tafuta mahali ambapo uga wa umeme ni sifuri.

Kwa ambaye aliachana na fizikia kidato cha pili: uga wa umeme ni jibu la swali dogo tu. Nikiweka chaji chanya ndogo hapa, itasukumwa kwenda upande gani, na kwa nguvu kiasi gani? Chaji chanya itaifukuza. Chaji hasi itaivuta. Ukisogea mbali nguvu inapungua haraka, umbali ukiwa mara mbili nguvu inabaki robo. Zikiwa chaji mbili, unachora mshale wa ya kwanza, unachora mshale wa ya pili, unaijumlisha ukizingatia kila mmoja unaelekea wapi. Mishale ikiwa sawa na imeelekea pande zinazopingana, inafutana, hapo ndipo penye sifuri.

Darasa zima limesema sifuri iko katikati ya zile chaji, sentimita ishirini kutoka kwenye ile kubwa. Darasa zima, ukimtoa kijana mmoja. Wamekokotoa kwa utulivu, kwa mwandiko safi, wengine wamepigia jibu mstari kwa rula. Wamekosea kwa adabu kabisa.

Na zaidi ya nusu yao wamechora ndege.

Sasa niwaeleze kuhusu ndege, maana bila hilo mtadhani nimerukwa na akili.

Mada hii nilianza kuifundisha kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, kwa sababu mtihani wa taifa unakuja kwa Kiingereza. Wiki nzima nilichora mishale. Wiki nzima walinitazama kama watu wanaosubiri basi ambalo halina uhakika wa kuja. Nikiuliza kama wameelewa wanaitikia ndiyo kwa pamoja, nikitoa zoezi wanajumlisha namba kana kwamba wananunua nyanya. Mishale hawana habari nayo.

Siku moja nikaweka chaki chini, nikawaambia kwa Kiswahili: wangapi mmewahi kulinda mpunga? Mikono karibu yote ikaenda juu. Hapa kwetu mpunga ukianza kukomaa, familia zinahamia shambani. Mnajenga dungu, kile kichanja cha miti chenye paa la nyasi, mnapanda juu yake na makopo na kombeo, mnapiga kelele kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Shamba likiwa refu mnajenga madungu mawili, moja kila upande.

Nikasema, basi chukulieni kila dungu ni chaji chanya, na ndege ni ile chaji ndogo. Mlinzi wa kushoto anamfukuza ndege aende kulia. Mlinzi wa kulia anamfukuza aende kushoto. Ndege akiwa karibu na mmoja, anakimbia. Akifika mahali ambapo kelele za huku na za kule zinamsukuma sawasawa, anafanyaje?

Darasa zima kwa sauti moja: anatua.

Sijawahi kupata jibu la namna ile tangu nianze kazi hii. Nikawauliza, mlinzi mmoja akiwa baba mwenye sauti kubwa na mwingine mtoto? Wakasema ndege atatua karibu na mtoto. Tukaingia kwenye hesabu. Chaji nne na chaji moja, zote chanya, sentimita thelathini. Ili mkubwa alingane na mdogo, lazima uwe mbali na mkubwa mara mbili ya ulivyo mbali na mdogo. Ishirini huku, kumi kule. Hata wale wa nyuma ambao huwa wanalala walipata.

Nilivimba kichwa. Sina haja ya kulificha, wote shuleni waliona. Mkuu wa shule alisikia kelele akaja kuchungulia, akaniomba nilirudie somo Jumatatu yake, akalirekodi kwa simu. Ile video ikaenda kwenye kundi la wazazi, ikaenda kwenye makundi mengine, mpaka dada yangu aliyeko Kidatu akanipigia kuniambia kwamba ameniona nikipunga mikono kama ndege. Mkuu sasa anaitumia kutafutia wanafunzi wapya. Imeandikwa chini yake kwamba hapa kwetu fizikia inaeleweka.

Halafu nikaja kutunga mtihani. Nikachukua zilezile namba, nne na moja, umbali uleule, nikabadilisha kitu kimoja tu: chaji ndogo nikaifanya hasi. Niliuita mtego. Nilicheka peke yangu nikiwa nachapa.

Wakaingia wote.

Mmoja tu hakuingia, anaitwa Joshua, mtoto wa hapahapa mjini. Siku ya somo la ndege Joshua alikuwa amelazwa na malaria. Na Jumatatu ya kurekodi alikuwa bado kitandani. Akarudi, akasoma kitabu mwenyewe, akachora mishale yake miwili, akapata jibu. Yaani katika darasa langu lote, aliyeelewa ni yule ambaye sikumfundisha. Niliposahihisha karatasi yake nilikaa nikaitazama, chai yangu ikapoa.

Kwa wengi wao, kukosa swali hili si msiba. Wana alama za kutosha kwingine. Lakini shule yetu ina sheria yake ya mchujo, kwamba asiyefikisha asilimia arobaini kwenye fizikia haendi kidato cha sita, anarudia kidato cha tano. Na kuna mtu mmoja mchujo umempata kwa swali hili.

Anaitwa Anjelina. Ni binti wa Kipogoro, wazazi wake wanalima mpunga vijijini upande wa Mngeta. Baba yake aliletwa ofisini kwangu mwaka jana kusalimia, mtu mpole, kofia mkononi, akaniambia kwa lugha iliyonyooka kwamba shamba lake litamsomesha huyu binti miaka miwili, si mitatu, kwa sababu nyuma yake wako wengine. Hakuwa analalamika. Alikuwa ananieleza jinsi mambo yalivyo. Kurudia mwaka, kwa Anjelina, maana yake ni kurudi nyumbani.

Na si mvivu. Msimu huu mama yake mguu umevimba, kupanda dungu hawezi. Kila Ijumaa Anjelina anaomba ruhusa, anakwenda kulinda, anarudi Jumatatu asubuhi sauti imekauka. Ndiyo maana yuko nyuma kwenye mada mbili tatu. Amepata thelathini na sita kwa mia. Swali la sita lilikuwa na alama kumi, na niliweka sharti kwa herufi kubwa: asiyechora mishale hapati kitu. Yeye mahali pa mishale amechora ndege, mdogo, mzuri kweli, mabawa yamekunjwa. Nilipiga mstari mwekundu juu yake nikaandika sifuri.

Asubuhi hii nikawarudishia karatasi. Nilikwenda darasani nimeshajaa. Niliwaambia maneno ambayo sitayaandika yote hapa. Niliwaambia wanatia aibu. Niliwaambia kwamba nimewatafunia, nimewawekea mdomoni, na bado wamenitemea. Nilichora chaji mbili ubaoni, chanya na hasi, nikapiga chaki ikavunjika, nikauliza ni nani alimwambia mtu kwamba katikati hapa kuna sifuri.

Hapo Anjelina akasimama. Aliweka mikono nyuma, kama wanavyosimama wote wakiongea na mwalimu.

"Samahani madam," akasema. "Ni wewe. Ulisema ndege anatua katikati."

Hakuna aliyecheka. Hakusema kwa kiburi, sauti yenyewe ilikuwa imekwaruza. Alikuwa anajibu swali nililouliza. Nami nikamnyooshea mlango, nikamwambia atoke nje, akaanze kujizoeza kukaa nje maana mwakani atakuwa huko.

Akatoka.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwakani na nimeifuta mara mbili kabla ya kuiacha. Iko pale juu. Niliisema mbele ya darasa zima.

Kipindi kilipoisha nilibaki natazama ubao. Na hasira ikaanza kugeuka, taratibu, kama ng'ombe anayegeuka njiani na kukukabili. Kwa sababu alikuwa sahihi. Madungu mawili ni chaji mbili zinazofukuza. Nilichowapa ni picha ya chaji zinazofanana, na sikuwahi kuwaambia picha hiyo inakomea wapi. Hasi haifukuzi, inavuta. Weka chanya kushoto na hasi kulia, simama katikati: ya kushoto inakusukuma kwenda kulia, ya kulia inakuvuta kwenda kulia. Mishale yote miwili inaelekea upande mmoja. Katikati pale si pa kutua, ni pa kukimbizwa. Lakini mtoto aliyekulia juu ya dungu, ukimwonyesha vitu viwili na nafasi kati yake, anaona mpunga, anaona ndege katikati. Nilimwambia aone hivyo. Nilimrekodi akiona hivyo.

Kwa hiyo mtu ambaye nina hasira naye kuliko wote ni huyu anayeandika.

Nikaenda kwa Mkuu. Nilimkuta na mwalimu wa taaluma, wanapanga kikao cha kesho cha kupitisha matokeo. Nikawaeleza kwamba swali la sita linapima kosa langu, si akili za watoto, na kwamba naomba liondolewe kwa wote. Mtihani uhesabiwe kwa alama tisini. Mwalimu wa taaluma, ambaye ni mkweli kiasi cha kuudhi, akasema swali lenyewe halina kosa. Ni kweli, halina. Akasema wenzake wamekosa swali hilohilo na wamefaulu. Ni kweli pia. Akauliza kama naomba kwa ajili ya darasa au kwa ajili ya mtu mmoja. Alikuwa ameshajua jibu: thelathini na sita kwa tisini ni asilimia arobaini kamili.

Mkuu yeye hakuuliza hesabu. Alikuwa na jambo jingine.

"Madam, unataka nikawaambie wazazi kwamba ile video ni makosa?"

Nikamwambia video si makosa, ila imeishia njiani. Akaniambia vizuri, basi na sisi tuishie hapo. Akarudi kwenye makaratasi yake. Nikatoka bila kuaga, jambo ambalo mama yangu angelisikia angenitandika hata kwa umri huu.

Nitaweka wazi jambo moja, maana kuna walimu wanasoma hapa na najua mtauliza. Mimi ndiye msahihishaji. Ningeweza kuchukua kalamu nikampa alama nne kwa ajili ya ndege mzuri, na hakuna ambaye angejua. Niliwaza hivyo, na kalamu ilikuwa mkononi. Lakini jibu lake si sahihi. Nikimpa alama kwa jibu lisilo sahihi nitakuwa nimemdanganya mara ya pili, na safari hii kwa makusudi.

Langoni nikakutana na Joshua. Nikaona bora nimwambie mwenyewe kabla hajasikia, kwamba nataka swali la sita liondolewe na alama zake kumi zitaondoka nalo. Atafaulu tu, ila asilimia zake zitashuka kidogo. Akanitazama kwa heshima zote.

"Sasa madam, mimi nimekosea nini?"

Hana alichokosea. Nilimwambia hivyo, nikamwambia samahani, na haikutosha, na wala haikutakiwa kutosha. Ana haki ya kukasirika nami. Ajiunge kwenye foleni.

Saa nane mchana nikaenda bwenini kumtafuta Anjelina. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, nimepanga na maneno. Matroni akaniambia ameondoka. Ameomba ruhusa ya kwenda kulinda ndege, na kwa kuwa huwa anaomba kila wiki, wakampa.

Leo ni Alhamisi, nikasema. Huwa anakwenda Ijumaa.

Matroni naye akashtuka kidogo. Akasema alimwona anabeba sanduku kichwani, na dereva wa bodaboda akamfungia godoro nyuma ya kiti.

Mwanafunzi anayekwenda kulinda ndege habebi godoro.

Nimepiga simu ya baba yake mpaka nimechoka. Haipatikani. Mashambani kule mtandao unapatikana kwa kupanda juu ya kichuguu, na mtu mwenye mpunga uliokomaa hana muda wa kupanda kichuguu. Kwa sasa atakuwa ameshafika. Ameshawaambia, au amenyamaza na wameona godoro.

Nikachukua baiskeli yangu nirudi nyumbani. Nilikuwa napiga pedali kama naikomoa barabara. Hapa Kibaoni, kabla hujakata kona ya kwangu, kuna mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Tekla. Napita pale kila siku ya Mungu. Leo mnyororo ukachomoka palepale mbele yake, kwa hiyo nikainama kuurudishia, mikono imejaa grisi, nikilaani vitu vyote vyenye meno.

Mama Tekla alikuwa amekaa mlangoni na fimbo yake ndefu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaendelea na vita yake. Ana vita na kuku wa jirani. Mbele yake, hatua kadhaa, kuna lundo la pumba lenye chenga ndani yake, na kuku wanalitaka. Kuku akipita kati ya Mama Tekla na lundo, anapigwa mkwara na fimbo, anakimbia kuelekea kwenye pumba, haraka maradufu, kwa sababu fimbo inamtoa huku na pumba zinamwita kule. Hata mmoja hasimami katikati. Anapitiliza lundo, anakwenda upande wa pili, mbali kidogo. Hapo ndipo anaposimama. Anatazama pumba, anatazama fimbo. Kusogea anaogopa, kuondoka hataki. Walikuwa pale kama sita hivi, wamejipanga nyuma ya lundo, wameganda.

Niliacha mnyororo ukining'inia.

Fimbo ni chaji chanya, kubwa. Pumba ni chaji hasi, ndogo. Sifuri iko nje, nyuma ya ile ndogo. Kwa namba za swali langu ni sentimita thelathini nyuma yake: thelathini kutoka kwa mdogo, sitini kutoka kwa mkubwa, mara mbili ileile. Kuku wa Mama Tekla wamekuwa wakilijibu swali la sita mbele ya macho yangu tangu nihamie mtaa huu, na mimi napita nawaza niliyoyafanya kwenye video.

"Mwalimu, unataka pumba?" Mama Tekla akaniuliza. "Umezikodolea macho."

"Hapana mama. Naangalia kuku."

"Basi nenda nao. Nikupe na fimbo?"

Nilitaka kucheka na nikashindwa. Kumbe ilikuwa rahisi hivi. Dakika tano za ziada siku ile ya ndege, au hata Jumatatu yake, dakika tano za kusema: sasa ondoeni mlinzi mmoja, wekeni pumba mahali pake, ndege anakwenda wapi? Anjelina angenijibu kabla sijamaliza. Nilikuwa nazo dakika hizo. Nilizitumia kurudia mbele ya simu ya Mkuu namna ndege anavyokunja mabawa.

Na kuku nao nisije nikawaamini kupita kiasi. Kuku si chaji. Kesho kutwa nitakuja kuuliza swali la chaji zisizokaa kwenye mstari mmoja, na darasa zima litanichorea kuku. Kuanzia sasa ni mishale kwanza, kila chaji na mshale wake, na wanyama baadaye, na kila mnyama nitasema anaishia wapi.

Nimefika nyumbani, nimenawa grisi, nimemwandikia Mkuu ujumbe. Karatasi ya matokeo ya fizikia haiendi popote bila sahihi ya mwalimu wa somo. Nimemwambia kwamba sitasaini mpaka swali la sita liondolewe kwa wote, na kwamba niko tayari kusimama mbele ya wazazi siku ya kikao chao niseme kwa mdomo wangu nilichokosea, video ikichezeshwa nyuma yangu akipenda. Amesoma. Amejibu: Kesho saa mbili ofisini kwangu.

Sijui atakubali. Anaweza kunitafutia mwalimu mwingine wa kusaini, anaweza kunitafutia na mkoba wa kuondokea. Ninaogopa, niseme ukweli. Kazi yenyewe hapa mjini si ya kuokota. Lakini hasira inasaidia, haimwachii mtu nafasi kubwa ya kuogopa.

Kuna kitu kinanisumbua tangu nikae kwenye ngazi hii. Siku ya somo la ndege, mwishoni, wakati wote wanapiga makofi na mimi najifuta chaki kama mshindi, Anjelina alinyoosha mkono. Aliuliza, "Madam, na huyo wa katikati anatolewaje?" Nikamjibu kwamba hilo halimo kwenye mtaala. Darasa likacheka. Naye akacheka kidogo, akakaa.

Nimelinda mpunga utotoni, mimi pia. Jibu nalijua na kila mtoto mle darasani alilijua. Huyo wa katikati kelele hazimtoi, hata mpige makopo mpaka yatoboke, kwa sababu zinamfikia sawa kutoka pande zote mbili. Walinzi wakibaki juu ya madungu yao, atakula mpaka ashibe. Mmoja lazima ashuke, aingie kwenye tope, amfuate kwa miguu mpaka pale alipo.

Basi la kwanza la kwenda Mngeta linaondoka asubuhi kabla ya saa mbili. Nimeshaweka kwenye mfuko chaki mbili, karatasi nyeupe na kanga ya kumpelekea mama yake Anjelina. Mkuu atanisubiri ofisini na sitakuwepo. Sijui kama Anjelina atataka kuniona, na akikataa kushuka kutoka dunguni nitapanda mimi. Nitaanza na samahani. Kisha nitamwomba anichoree mishale miwili, na nitanyamaza mpaka amalize.

Halafu godoro tutalifunga sisi wawili.